MTU ASIFUNGWE BILA HAKIMU

Ndugu wa machimbo, na ninyi wakaaji wa Kasongo na Kabambare,

Katika kazi yetu kila gunia la mawe hupimwa na kuandikwa kitabuni: siku, uzito, jina la kapita. Likikosekana moja, karani huulizwa. Lakini mtu akishikwa usiku kwa kuitwa Mai-Mai au gaidi, akatiwa buloko bila kuandikwa, nani ataulizwa?

Jambo hili si geni. Amri ya Wabelgiji ya tarehe 5 Julai 1910 ilimpa mkubwa wa serikali ruhusa ya kumhamisha mwenyeji mbali na kwao, bila mahakama, kwa kusema tu kwamba anavuruga utulivu. Ndivyo watu wa Kitawala na wafuasi wa Kimbangu walivyotupwa mbali, wengine katika kambi za Kasaji na Ekafera. Uhuru ulikuja, lakini desturi hiyo haikufa. Patrice Lumumba alishikwa tarehe 1 Desemba 1960 na askari wa Kongo huru. Hakupelekwa mahakamani. Siku 47 baadaye, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa Katanga.

Wako watakaosema: «Na wauaji wa njiani je?» Tunajibu: wahukumiwe! Sisi tunaopita njia ya Salamabila na Namoya twajua hofu ya bunduki. Lakini akifungwa asiye na kosa, mwenye kosa anabaki porini na bunduki yake, na vijana wenye uchungu wanapata sababu ya kumfuata.

Katiba ya 2006, kifungu cha 18, yasema wazi: anayeshikwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoisikia, awasiliane na jamaa yake au mwanasheria, na saa 48 zikiisha, aachwe au akabidhiwe kwa wakubwa wa mahakama. Kifungu cha 61 chakataza kumnyima mtu haki ya kujitetea, hata serikali ikitangaza hali ya hatari.

Basi, ndugu akishikwa, msikae nyumbani mkilia. Andikeni siku, saa, na jina la aliyemshika. Nendeni wengi, kwa amani, mkaulize: Kosa lake nini? Hakimu wake nani? Saa 48 zinaisha lini? Msiogope kuuliza. Sheria hii ni yenu.

Haki kwa kila mtu!