Mtoto aliyepokelewa naye ana haki ya kujua alikotoka

Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi ulipogeuka mapigano kati ya Wambole na Walengola katika mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto, familia nyingi za Kisangani zimefungua milango kwa watoto wasio wao. Wamo waliovuka Mto Kongo kwa mtumbwi wakiwa wameshikwa mkono na mtu wasiyemjua. Wamepewa chakula, mkeka na nafasi shuleni. Kitu ambacho wengi hawajapewa ni habari zao wenyewe.

Mtoto akiuliza mama yake yuko wapi, jibu la haraka ni "amesafiri". Ni jibu la huruma, na linatuliza kwa wiki moja. Lakini mtoto hungoja. Miaka miwili baadaye bado anangoja, huku watoto wa jirani wamekwisha kumwambia barabarani yale ambayo wakubwa walimficha nyumbani. Siku hiyo anampoteza mama yake mara ya pili, na hamwamini tena mama mlezi.

Kwa watoto wa Lubunga kuna sababu nyingine ya kunyamaza, nayo ni kabila. Mlezi anaogopa kusema kwamba mtoto ni Mmbole au Mlengola, basi anamwandikisha shuleni kwa jina la ukoo wake yeye. Hofu hiyo si ya bure, na hakuna anayetaka asili ya mtoto itangazwe sokoni. Hata hivyo, kumficha mtoto kwa watu ni jambo moja, kumficha kwa nafsi yake ni jambo jingine. Jina lake la kwanza, la wazazi wake na la kijiji chake yanaweza kuandikwa na kutunzwa bila jirani kujua.

Mji huu umekwisha kuona gharama ya ukimya huo. Walioachwa mayatima wachanga na Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, leo ni watu wazima. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Aliyelelewa bila kuambiwa wazazi wake ni akina nani atadaije kwamba aliwapoteza? Na akitaka kuoa, atajuaje kuwa haoi ndugu yake?

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi ya watoto wasio na wazazi inataka kila mtoto awe na kitabu cha maisha yake, kinachotengenezwa pamoja naye na kubaki naye. Hapa haihitajiki gari la shirika. Daftari la shule linatosha. Liandikwe siku aliyopokelewa, aliyemleta, nguo aliyovaa, lugha aliyosema, majina ya yaya zake anaowakumbuka, wimbo aliokuwa akiimbiwa. Picha moja ya simu ichapishwe na kubandikwa. Mara nyingi faili hubaki ofisini kwa watumishi wa jamii na mtoto huondoka mikono mitupu, jambo lisilo na sababu yoyote ya maana.

Ukweli nao una kipimo chake. Wa miaka 5 haelezwi kama wa miaka 12, na asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Wagumu zaidi kuelezwa ni waliofukuzwa kwao kwa kuitwa wachawi. Hawa waambiwe wazi kwamba wakubwa ndio waliokosa, kwani sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Idara ya masuala ya kijamii ya Tshopo na mahakama ya watoto zinaweza kuagiza kwamba hakuna mtoto anayekabidhiwa familia bila daftari lake, na kuanza na waliopokelewa tangu 2023. Wakimbizi waliokuja na watoto hao, wanaojua ni wa nani na walitoka njia ipi, wanarudi vijijini mmoja mmoja, na wazee miongoni mwao wanafariki. Wanaopatikana bado waulizwe sasa.