Mti wa Krismasi umewaka Oktoba, na mshahara wako je?

Hii picha unaijua. Ni Jumamosi, Oktoba 25. Umeshuka matatu pale Kitengela na kuingia supamaketi kuchukua unga, maziwa na sabuni. Mlangoni unakutana na mti wa plastiki mrefu kukuliko, taa zinawaka na kuzima, na spika juu ya kaunta inacheza Boney M. Unatoa simu kuangalia tarehe kwa sababu unadhani umechanganyikiwa. Hujachanganyikiwa. Mashujaa Dei ilikuwa Jumatatu tu, na Krismasi iko siku 61 mbele.

Kila mwaka tunabishana kuhusu hii stori, na pande ni zilezile mbili. Kuna wanaosema maisha ni magumu, acha watu wafurahie taa, zinamdhuru nani? Halafu kuna wale wanaosema ni kelele, na kwamba ikifika tarehe 25 yenyewe utakuwa umeshachoka na hizo nyimbo. Mimi naona pande zote mbili zinabishana kuhusu macho na masikio, ilhali swali lenyewe ni la mfuko. Mapambo yanapopanda, hesabu yako ya miezi mitatu inabadilika, na hukuulizwa.

Kwa nini duka halingoji

Wacha niwe muungwana kwanza, nianze na upande wa duka. Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kibarua cha kupanga bidhaa kwenye supamaketi moja, jina tuliache. Niliingia Novemba, nikatolewa wiki ya kwanza ya Januari. Pale ndipo nilielewa kwamba Krismasi ya dukani haianzi na furaha, inaanza na katoni.

Hizo taa na mipira ya kung'aa nyingi zinatoka Uchina kwa meli. Lazima ziagizwe miezi mapema, zitolewe bandarini Mombasa, zisafirishwe, zijaze stoo. Pesa ya kuzilipia imeshatoka. Na hii si bidhaa kama sukari ambayo isipouzwa leo itauzwa kesho. Taa za Krismasi zikibaki tarehe 26 Desemba, zinalala stoo miezi 11. Kwa hivyo kila wiki unayoongeza mbele ni wiki ya kupunguza hasara.

Kuna jambo la pili ambalo niliona kwa macho yangu nikiwa nimeshika katoni. Mteja aliyekuja kuchukua mkate akisikia zile nyimbo, anapunguza mwendo. Anasimama kwa biskuti za mkebe. Anauliza bei, anarudisha, anaenda, anarudi. Mti hauuzi mti peke yake. Unauza biskuti, soda za lita mbili, mchele wa pilau, vikombe vipya vya wageni ambao bado hawajasema wanakuja.

Na usisahau biashara hii inaua. Nakumatt, ambayo zamani ilikuwa ndiyo supamaketi kubwa kuliko zote nchini, tuliiona ikiwa na rafu tupu mwaka 2017, na kufikia 2020 ilikuwa imefungwa kabisa. Tuskys ikafuata. Meneja aliyeshuhudia hayo hawezi kukaa kimya Novemba huku mshindani wake ng'ambo ya barabara amewasha taa. Mmoja akianza, wote wanafuata.

Wenzetu walianza zamani

Kama unafikiri hii ni tabia mpya ya mtandao, pole. Marekani, msimu wa manunuzi huanza baada ya sikukuu yao ya Thanksgiving. Mwaka 1939, Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na sikukuu hiyo, iliyozoeleka kuwa Alhamisi ya mwisho, ingeangukia tarehe 30. Wenye maduka walilia kwamba siku za kuuza zitakuwa chache. Rais Franklin Roosevelt akaisogeza nyuma wiki moja. Nchi ikagawanyika, majimbo mengine yakakubali na mengine yakakataa, hadi Bunge lao lilipopitisha mwaka 1941 kwamba iwe Alhamisi ya nne. Yaani wenye maduka walisogeza kalenda ya taifa. Na Black Friday, ambayo sisi pia tunaisherehekea bila kujua inatoka wapi, ni Ijumaa ya siku inayofuata.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni Ufilipino. Wale huanza Krismasi Septemba, mwezi wowote ukishaishia na "ber" kwa Kiingereza. Ukisikia hivyo utasema wametushinda kwa wazimu. Ila kuna kitu hatuambiwi: tangu mwaka 1975, sheria yao inamlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi mshahara wa mwezi wa 13, na uwe umefika mkononi si zaidi ya Desemba 24. Wanaanza mapema, lakini wanajua kuna pesa inakuja. Sisi tumechukua taa, mshahara wa 13 tukauacha huko.

Sasa tupige hesabu ya Kitengela

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Wengi wetu tumepanga. Wengine wanaamka saa kumi kupanda matatu kwenda Nairobi, na wengine wanavuka tu kwenda viwanda vya EPZ pale Athi River, kushona nguo zinazouzwa Marekani.

Chukua mtu mmoja wa mfano, analipwa 20,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, hiyo ni 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 300. NSSF asilimia 6, hiyo ni 1,200. Jumla imeenda 2,050 kabla hajagusa kitu. Anabaki na 17,950 ya kodi ya nyumba, nauli, chakula na vocha. Huyo ndiye mti unamkonyeza tarehe 25 Oktoba.

Na mwaka huu yeye ana wasiwasi wa ziada. Mpango wa AGOA, ambao tangu mwaka 2000 umeruhusu nguo zetu kuingia Marekani bila ushuru, ulifika mwisho Septemba 30, 2025. Mtu anayeshona suruali za kwenda kule anaamka kila asubuhi akijiuliza kama oda zitaendelea kuja. Mwezi huohuo wa wasiwasi ndio duka limechagua kumwambia "sherehekea".

Subiri, kuna mtego mwingine. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wasafiri. Tunashangilia sana. Lakini ukilipwa Desemba 20, mshahara unaofuata ni Januari 31. Hizo ni siku 42 na mshahara mmoja. Njaanuari haiji kwa uchawi. Inakuja kwa sababu mwezi wa siku 31 umegeuka kuwa wa siku 42, na nusu ya pesa imeishia ushago kwa nauli na mbuzi.

Shimo hilo watu wanaliziba kwa simu. Fuliza ipo tangu 2019. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, wiki tatu na ushee kabla ya Krismasi, mkopo wake wa kawaida ukiwa wa kulipwa ndani ya siku 14. Ukikopa Desemba 20 kununua vinywaji, deni linaiva Januari 3. Wiki hiyo ndiyo shule zinajiandaa kufunguliwa.

Na Januari hii si ya kawaida. Januari 2024 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa watoto kuingia kidato cha kwanza. Januari 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza, kwa hivyo wazazi wengi walipumua. Wale wa kwanza wa CBC walibaki sekondari ya msingi, kwenye shule zao za zamani, wakirudi nyumbani jioni. Januari 2026 ndio wanaingia Gredi ya 10, na wengi wanaenda bweni. Sanduku, godoro, sare, viatu, karo, vyote kwa mpigo. Kama una mdogo wako Gredi ya 9, unajua simu ya mathe inakuja.

Nasema haya nikijua. Chuo mimi niliacha mwezi wa Januari, karo ilipokosekana. Sitasingizia taa za Krismasi, hapana, mambo yalikuwa mengi. Lakini ile Desemba nyumbani kwetu tulikula vizuri sana, na hakuna aliyesema kwa sauti kwamba Januari iko hapo nyuma ya mlango.

Panda gari uende Kajiado mjini

Ukitaka kuona kalenda nyingine, fuata barabara ya Namanga, pita Kisaju, pita Isinya, ufike Kajiado mjini. Chini ya saa moja kama hakuna foleni. Mimi nimepita huko Novemba na sikuona mti. Kwenye maduka ya kawaida mapambo huanza kuonekana Desemba ikiwa katikati, utepe mmoja juu ya mlango, baluni chache, basi.

Mtu wa mjini atacheka aseme wako nyuma. Mimi sicheki. Mwenye duka pale anajua mteja wake anapata pesa lini. Mfugaji anauza mbuzi Desemba kwa sababu ndipo walaji wa nyama wanapoongezeka na bei inapanda. Kabla hajauza, hana pesa ya kununua, na mwenye duka akimpa kitu kinaandikwa kwenye daftari. Kuwasha taa Oktoba ni kujiandikia madeni. Tena hawa ni watu waliopitia ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikifeli mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikifa nchini. Hawahitaji kukumbushwa kwamba kesho haina uhakika.

Hata sisi tulikuwa hivyo. Unakumbuka Krismasi za utotoni? Tawi la msaipresi likikatwa shule zikishafungwa, likasimamishwa kwenye mkebe wenye mawe. Pamba za dukani zikawa theluji ambayo hatujawahi kuiona. Karatasi za choo zikasokotwa kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine. Ilikuwa wiki moja, ikaisha, na hakuna aliyesema haikutosha.

Basi lini?

Nitakupa tarehe, usiseme nimekwepa. Jumapili ya Novemba 30. Hiyo ndiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huu, siku ambayo kanisa lenyewe linaanza kungoja Krismasi. Na bahati nzuri, ni wakati ambao wengi watakuwa wamepata mshahara wa Novemba. Kalenda ya kanisa na ya mfuko zimekutana. Siku 25 za taa zinatosha kabisa.

Sasa najua kuna mtu atanirukia: na vibarua je? Vijana wanaoajiriwa msimu wakipunguziwa wiki tano? Hilo linaniuma kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Ile kazi ya Novemba ndiyo ilinilipia kodi. Kwa hivyo sisemi duka lilale Novemba. Nasema rafu ya mbele Novemba iwe ya Januari. Weka masanduku, madaftari, viatu vyeusi, shuka na ndoo pale ulipoweka mti. Toa ofa wakati mzazi hana presha, sio Januari 4 ambapo foleni inafika mlangoni na anachukua chochote kwa bei yoyote. Vibarua watapanga sanduku badala ya mipira ya kung'aa, na malipo ni yaleyale. Anayetaka taa mapema azipate kwenye rafu yake kule ndani, hakuna anayemzuia.

Je, wenye maduka watasikia? Sijui, na sina nguvu ya kuwalazimisha, kila mmoja anamchungulia jirani. Lakini wao wanaangalia kitu kimoja tu, nacho ni kile unachoweka kwenye kaunta. Kwa hivyo wikendi hii ukipita pale mlangoni, furahia taa, ni za bure. Kisha kabla ya kuokota ule mkebe wa biskuti, piga simu nyumbani uulize orodha ya Gredi ya 10 ina nini. Chagua kitu kimoja, hata kama ni ndoo, ununue sasa. Halafu nenda ulipe unga wako.