Kuchechemea Si Uvivu

Nilipokuwa nikifundisha darasa la pili, nilikuwa na mwanafunzi mwenye hali ya Down, mtoto mcheshi aliyependa kuimba kuliko kusoma. Muhula wa pili alianza kuchechemea, na kila kengele ya mchezo ilipolia alibaki ameketi barazani. Nilimkemea nikidhani ni uvivu. Hakulalamika. Mwaka karibu ukaisha kabla ya daktari wa mifupa kutueleza kwamba nyonga yake ilikuwa ikiteguka.

Nayasema haya si kwa fahari, bali ili mwalimu mwenzangu asilirudie kosa langu.

Mtu mwenye hali hii huwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, kama walivyotangaza wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1959. Kano zake huwa legevu na misuli yake dhaifu. Hivyo basi, nyonga iliyokuwa nzima alipozaliwa yaweza kuanza kuchomoka baada ya yeye kujua kutembea, mara nyingi kabla hajatimiza miaka 10. Mwanzoni huenda asihisi maumivu, na hapo ndipo tunapodanganyika. Ikipuuzwa, nyonga huweza kukataa kurudi mahali pake, kiungo kikasagika, na utu uzima ukaja na mateso.

Dawa ipo. Wapasuaji huukata na kuuelekeza upya mfupa wa paja au wa nyonga, na kukaza utando unaozingira kiungo. Kazi hiyo si nyepesi: moyo na shingo ya mgonjwa sharti vichunguzwe kabla ya nusukaputi, na ulegevu wa kano waweza kuitegua nyonga tena. Hata mtu mzima aliyechelewa aweza kuwekewa nyonga bandia.

Wapo wanaouliza: ya nini kumgharimia hivyo mtoto asiyetarajiwa kupita mtihani? Swali hilo ni la aibu. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Haikutaja alama za mtihani.

Walimu, mkimwona mtoto wa namna hii akibadili mwendo, waiteni wazazi siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Mpeni bega la kuegemea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mifupa ya mtoto.