Mgonjwa wa Akili Akirudi Nyumbani



Juma hili twataka kusema habari ya mgonjwa ambaye jamaa nyingi humficha: mgonjwa wa akili. Wala hatutasema habari za hospitali, bali za siku ile anaporuhusiwa kurudi kwao. Maana siku hiyo kazi ya kumwuguza haikwishi. Inaingia mikononi mwetu.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Kijana alikuwa hapati usingizi, akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, akidhani jirani wanataka kumwua. Ametibiwa, ametulia, amerudi. Lakini mlangoni watoto wanamkimbia. Sahani yake imetengwa. Akikasirika kidogo, kama kila mtu akasirikavyo, watu wanasema: «Wazimu umempanda tena.» Mwezi wa pili mama yake anamwona mzima, anaweka dawa kando, kwa kuwa dawa ni fedha. Baada ya muda ugonjwa unarudi, nao wazee wanakata neno: amerogwa, hospitali haimwezi. Basi anafungwa kamba, au anapelekwa kwa mtu wa kumnyima chakula na kumpiga ili pepo amtoke.

Tuulize kwa haki: ni hospitali iliyoshindwa, ama ni sisi?

Kule Ubelgiji uko mji mdogo uitwao Geel. Tangu Enzi za Kati mahujaji waliwaleta wagonjwa wa akili kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna, msimamizi wao mbinguni. Nafasi ya kuwalaza kanisani ilipokosekana, wenyeji waliwapokea majumbani mwao. Desturi hiyo haikukoma. Kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1939, wageni hao walipita 3,000. Leo wamepungua sana, lakini wangali wapo. Mkulima wa Geel hakuwa mganga. Alimkaribisha mgeni mezani, akamwita kwa jina lake, akampa kazi anayoiweza shambani. Na tangu karne ya 19 hospitali imesimama nyuma ya jamaa hizo: waganga na wauguzi huwatembelea, na mgonjwa akizidiwa humpokea. Nyumba na hospitali zashikana mikono. Moja bila nyingine haitoshi.

Kwetu Kongo pia msaada upo. Mafrera wa Mapendo, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent mwaka 1807, walianza mwaka 1994 kuwatunza wagonjwa wa akili mjini Bukavu, katika nyumba iitwayo SOSAME. Lakini mwuguzi wa hospitali hawezi kuhamia nyumbani kwako. Wewe ndiwe ukaaye na mgonjwa.

Basi jamaa ifanye nini?

Kwanza, dawa. Asiziache kwa sababu amepona. Mara nyingi amepona kwa sababu anazimeza. Zikimletea kutetemeka, kukakamaa mwili au usingizi mzito, msizitupe, bali rudini upesi kwa mganga azipime upya.

Pili, maneno ya upole. Akisema anasikia sauti, usimcheke, usibishane naye, wala usijifanye unazisikia. Mwambie: «Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua.»

Tatu, kazi na usingizi. Apewe kuku wa kulisha, maji ya kuteka, bustani ya kupalilia. Alale mapema. Pombe na bangi zikae mbali naye.

Nne, mjue dalili za ugonjwa kurudi: kukesha usiku baada ya usiku, kukataa chakula, kujitenga, kusema peke yake. Msingoje azidiwe. Naye akitaja kutaka kufa, msidhani ni mzaha. Asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu na kamba karibu naye, mkamfikishe kwa mganga siku ile ile.

Je, tusali? Ndiyo, kila siku, pamoja naye. Lakini sala haishindani na dawa, kwa kuwa Mungu aliyetupa moyo wa kusali ndiye aliyewapa waganga akili ya kutibu. Padri mwema humbariki mgonjwa, kisha humwuliza kama amemeza dawa zake.

Mtakatifu Marko atusimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, ambaye watu walijua jambo moja tu la kumtendea: kumfunga minyororo. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa akili ana pepo; sivyo. Lakini tuutazame mwisho wa habari hiyo. Yule mtu alipoponywa, alitaka kupanda chomboni amfuate Bwana. Bwana Yezu hakumruhusu. Alimrudisha nyumbani, kwa jamaa zake.

Injili haituelezi walivyompokea mlangoni. Sisi tulio na mgonjwa wa namna hii, tumfungulie.