Si Husuda, Ni Nozo

Kwetu, kitu kipya kikiharibika, wa kwanza kutafutwa ni mchawi, wa pili ni mwenye kitu, na yule aliyekiuza hatafutwi kabisa. Desturi hiyo ndiyo ninayoipinga katika kurasa hizi, na naipinga nikiwa na stakabadhi mkononi.

Msomaji anayekaa mbali na Kusini ataniwia radhi nikitaja kidogo jiografia. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, ambako mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limelala chini yake na Msumbiji ng'ambo. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ina urefu wa kilometa 210, na lami yake imekuja kipande kwa kipande. Miaka mingi tumeishi na vumbi, mchanga na mpando. Huko juu hata maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Saruji, sukari, mabati, vyote vimepanda mlima. Muuza magari aliyeko Dar es Salaam anaweza kuyajua haya kwa kutazama ramani wakati chai yake inapoa.

Machi 2023, mimi na wapwa zangu wawili tulinunua pikapu. Mpya kwelikweli, viti bado vimevikwa nailoni. Fedha zilikuwa mafao yangu ya ualimu pamoja na korosho za wapwa za misimu mitatu, jumla shilingi milioni 58. Nilimwambia muuzaji kwa kinywa changu, mpwa wangu mkubwa akisikia, kwamba gari litabeba salfa, korosho na maji kati ya Masasi na Newala. Akajibu, "Mzee wangu, hili limezaliwa kwa kazi hiyo." Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya gari lilo hilo likipanda mlima wenye tope, magurudumu yakirusha matope hadi juu ya paa.

Anayejua mikorosho anajua mwezi wa Juni ni mwezi gani. Maua yanachipua na ubwiri unga unayasubiri. Usipopuliza salfa kwa wakati wake maua hukauka, na ikifika Oktoba huna cha kupeleka ghalani. Juni hiyo tulipakia mifuko 40 ya kilo 25, yaani tani moja, uzito ambao kitabu cha gari chenyewe kinauruhusu. Katikati ya mpando taa ya injini iliwaka, gari likakohoa mara tatu, likazima. Lilikuwa limetembea kilometa 2,312.

Fundi alipanda bodaboda kutoka Masasi. Akasikiliza, akanusa, akajifuta mikono ingawa haikuwa michafu.

"Shikamoo mwalimu. Hapa ni nozo, au pampu ya dizeli. Lakini siligusi."

"Marahaba. Huligusi kwa nini?"

"Soma karatasi yako, mwalimu. Nikifungua mimi, dhamana imekufa."

Nikaisoma pale pale juu ya boneti. Ni kweli, iliandikwa hivyo: injini ikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, dhamana inakoma. Na fundi aliyeidhinishwa aliye karibu nasi kuliko wote alikuwa Dar es Salaam, takriban kilometa 600. Gharama ya kulipeleka huko, karatasi ilisema, ni ya mnunuzi.

Basi, hiyo ndiyo dhamana ninayoishtaki. Inamzuia fundi aliye karibu asikusaidie, na aliye mbali inamruhusu akusubiri. Salfa yetu ilipandishwa kwa bodaboda, mifuko miwili miwili, kwa bei ya kulia. Shamba la mpwa wangu mdogo lilipulizwa wiki tatu baada ya wakati wake. Mwaka uliotangulia alivuna magunia 19. Mwaka huo alivuna 6. Nimeitafuta karatasi nzima, mbele na nyuma, hadi maandishi madogo kama mayai ya chawa. Yale magunia 13 hayamo.

Wiki ile ile ndugu walikuja kutupa pole, na pole za kwetu huja na maelezo. Wametuona, walisema. Jirani mmoja alitaka gari lifukizwe kabla ya kuvutwa. Wapo wasomi waliocheka habari hiyo, kisha wao wenyewe wakaniambia, "Mwalimu, ni bahati mbaya tu." Mimi sioni tofauti. Bahati mbaya ni husuda iliyovaa suti. Zote mbili zina faida moja kubwa, na faida hiyo anaipata muuzaji. Mtu aliyeamini kuwa amerogwa haandiki barua, hatunzi risiti, hahesabu siku ambazo gari lake limelala gereji. Mganga analipwa, muuzaji amekwisha kulipwa, na mwenye gari anabaki na hirizi kwenye usukani.

Mimi nilihesabu. Gari lilivutwa hadi Dar es Salaam nyuma ya lori, likarudi Septemba. Aprili 2024 likazima tena, ugonjwa ule ule. Kabla hatujapata lori, Mei ikaingia na Kimbunga Hidaya, mvua zake zikaikata barabara ya Kusini pale Somanga. Magari mazima yenyewe yalikwama, seuze letu. Nikauliza kwa simu kama siku hizo zitaondolewa katika miezi 24 ya dhamana. Jibu: miezi haisimami. Oktoba likaharibika mara ya tatu. Jumla limekaa mikononi mwao siku 143, nami siziweki ndani ya hesabu hiyo siku za njiani.

Mara ya tatu wakaja na neno jipya: "Mafuta ya huko kwenu ni machafu." Sikiliza vizuri hilo "huko kwenu". Nchi moja, bendera moja, lakini likifika jambo la kulipa, Masasi inakuwa ng'ambo. Dizeli nimenunua kituoni, kwa risiti, si kwenye dumu la mtu. Na kama mtambo hauwezi kuvumilia dizeli inayouzwa Masasi, kwa nini auziwe mtu aliyesema atauendesha Masasi? Ile picha ya mlima wa tope, je, ilipigwa huko kwao?

Hadithi hii si ngeni katika pembe yetu. Jirani zetu wa Nachingwea wana kumbukumbu ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta chakavu ya vita, na yalipozidi kufa ikatengenezwa mashine mpya kabisa, Shervick, iliyoundwa na Vickers kutokana na kifaru cha Sherman. Mpya hiyo nayo ikashindwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na hata leo ukizungumza habari zake mtu atakuambia udongo ulikuwa mgumu na mvua ilikuwa haba. Udongo ulikuwa mgumu tangu enzi za babu zetu! Aliyepaswa kuujua kabla ya kuunda mashine ni muunda mashine.

Wapo watakaosema, na wamekwisha kuniambia: "Mjomba, gari jipya ni la serikali na miradi. Sisi tununue la Japani lililotumika, kasoro zake zimekwisha kuonekana." Nakiri ushauri huo una akili ya mtaani, na karibu nchi nzima inaufuata. Lakini uangalie unasema nini. Unasema kwamba sisi si watu wa kuuziwa kitu kipya na kukidai kiwe kizima. Tungoje wengine wakijaribu kwanza miaka 10, ndipo tupewe. Mimi nililipa bei ya kitu kipya. Nataka upya wenyewe.

Wala sidai jambo la ajabu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo mizizi yake ni ya Kiingereza, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayokitakia kitu, na akautegemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Ushindani na kumweka mlaji chini ya ulinzi wake. Wamarekani gari jipya bovu huliita limau. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut likatunga sheria kwamba likitengenezwa mara 4 kwa kasoro ile ile bila kupona, au likilala gereji siku 30, kampuni ibadilishe gari au irudishe fedha. Siku 30! Mimi nina 143. Sisi hatuna sheria ya limau, na wabunge wetu wanaopita mpando huu kwa magari mapya kila kampeni wangeweza kuitunga. Wakiitunga, waweke ndani yake mambo mawili ambayo Connecticut haikuwa na haja nayo sana: gharama ya kulivuta gari iwe ya muuzaji, na fundi wa wilaya aliyesajiliwa aruhusiwe kufungua injini bila kuiua dhamana.

Muuzaji amenipa hati ya kusaini, kwamba nakubali kasoro ilitokana na mafuta na kwamba sitadai tena. Nikisaini, nitapewa nozo mpya kwa nusu bei. Wapwa zangu wamenishauri nisaini, kwa kuwa Juni inakaribia na salfa haisubiri kesi. Nimewajibu kwamba salfa ya mwaka huu tutaikodia gari. Hati nimeirudisha bila sahihi, na juu yake nimebandika picha ya mlima wa tope, niliyoikata kutoka kipeperushi chao wenyewe.