Breki Ikilia, Tusikimbilie Kuinyamazisha

Majuma machache yaliyopita nilipanda matatu Kawangware kuelekea mjini. Kila dereva alipokanyaga breki, gurudumu la mbele lilitoa mlio mwembamba wa kukereketa, mfano wa msumari unaokwaruzwa juu ya bati. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu alishindwa kuvumilia, akauliza, "Kijana, breki hizo zina nini?" Makanga alicheka. Dereva naye alinyoosha mkono, akaongeza sauti ya muziki. Mlio haukusikika tena, na safari ikaendelea.

Dereva yule hakufanya jambo geni. Wengi wetu, gari linapolia, hutafuta njia ya kulinyamazisha kabla ya kujua linalilia nini. Tabia hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, hasa na walimu pamoja na wanafunzi, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya tiba yake imo mikononi mwao.

Nami sijitoi katika lawama. Gari langu kuukuu lilipoanza kulia, jirani alinishauri nizipake breki mafuta kidogo ya injini. Ushauri huo uliniingia akilini, kwani bawaba ya mlango ikilia si hutiwa mafuta? Bahati yangu ni kwamba, kabla ya kuutekeleza, nilipita kwa fundi mmoja kijana huko Kibera, ambaye karakana yake ni turubai, jeki na sanduku la spana. Nilipomweleza nia yangu alitikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "kazi ya bawaba ni kuteleza. Kazi ya breki ni kukataa kuteleza. Ukiitia mafuta itanyamaza, lakini ukifika mteremkoni haitakushika."

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na sijapata kusikia maana ya msuguano ikielezwa kwa ufupi na kwa ukweli namna ile.

Kijana yule alinifungulia gurudumu na kunifunza. Mlio wa breki za diski, alisema, una sababu nyingi na si zote za kutisha. Baada ya usiku wa mvua diski hushika kutu nyepesi, na mlio hutoweka ukishafunga breki mara chache. Wakati mwingine ni vumbi, au pini zilizokauka, na pedi hutetemeka upesi mno juu ya diski hadi mtetemo ule ukawa sauti. Lakini pedi nyingi zimewekewa kibati kidogo ambacho huigusa diski pedi inapokaribia kwisha. Mlio huo umekusudiwa na aliyeitengeneza, ni onyo. Ukipuuzwa hugeuka kuwa mngurumo wa chuma kinachotafuna chuma, na hapo diski nayo huharibika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mtu makini aweza kuikagua breki nyumbani, mradi gari liwe mahali tambarare. Nati hulegezwa kabla gari halijainuliwa, na magurudumu mengine huzuiwa kwa mawe. Likishainuliwa kwa jeki, gari huegemezwa juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Kile kishikio cha pedi, ambacho mafundi hukiita kalipa, kikifunguliwa hufungwa kwa waya kisije kikaning'inia kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Pedi iliyobakia na unene usiofika milimita 3 hubadilishwa, pamoja na mwenzake wa gurudumu la upande wa pili. Vumbi halipulizwi kwa mdomo, bali hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji. Grisi maalumu inayostahimili joto hupakwa kwenye pini na mgongoni mwa pedi, kamwe si kwenye uso unaoigusa diski. Mwisho, kabla gari halijaondoka, breki hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu mguuni. Asiyefanya hivyo huenda akaikosa mara ya kwanza atakapoihitaji. Na asiye na hakika na amwite fundi. Hakuna aibu katika kuuliza.

Kuhusu vumbi hilo pana kisa ambacho wanafunzi wanafaa kukijua. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipiga kelele isiyovumilika. Miaka michache baadaye Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, alianza kutumia asbesto katika breki, na kelele ikapungua. Dunia ilishangilia utulivu huo kwa miongo mingi, hadi ilipobainika kwamba vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu, na nchi nyingi zikaipiga marufuku. Kelele ilikuwa imenyamazishwa kwa sumu.

Tukirudi darasani, na tupige hesabu ndogo. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo ya jouli zipatazo 167,000. Nishati hiyo yatosha kuchemsha nusu lita ya maji ya bomba, na breki yapaswa kuigeuza kuwa joto kwa sekunde chache tu. Kasi ikipunguzwa hadi kilomita 30, nishati haishuki kwa nusu, bali hubaki robo. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii hawezi kucheka mzee anapouliza habari za breki.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Fundi yule aliniambia kwamba aliacha masomo kidato cha pili kwa kukosa karo. Wanafunzi wangu wanaijua kanuni ya msuguano lakini hawajapata kuishika pedi ya breki. Yeye anazishika pedi kila siku, na hana hata karatasi moja ya kuthibitisha ujuzi wake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliahidiwa kwamba shule ingeunganisha kalamu na nyundo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umeirudia ahadi ile ile. Ahadi haitimizwi na karatasi za wizara, hutimizwa na mwalimu anayevuka barabara.

Basi nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Kwanza, mwalimu wa fizikia aliye karibu na Kibera au Kawangware na alipeleke darasa lake karakanani walau mara moja kwa muhula, na fundi alipwe kwa saa yake kama mgeni wa heshima. Pili, shule zimsaidie fundi wa namna hiyo kujiandaa kwa mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo hata aliyejifunzia kazi chini ya jua kali aweza kuifanya. Tatu, kila mwanafunzi apandaye matatu ajue kwamba ana haki ya kuuliza, na hata ya kushuka.

Mzee yule wa Kawangware aliuliza swali zuri, akajibiwa kwa muziki. Siku mwanafunzi wangu atakapouliza swali kama hilo, ningependa dereva azime redio, asimamishe gari, na wote wawili wasikilize.