Mama Si Mshamba

Wenzangu waandishi chipukizi, nina ugomvi nanyi. Kila mhusika mnayempeleka ng'ambo anaona maghorofa tu. Hivi yeye hasikii njaa?

Sisi tulipompeleka Baba kutibiwa Mumbai, jiji lililoitwa Bombay hadi 1995, njaa ndiyo iliyotupokea. Jioni ya kwanza tulishuka Mohammed Ali Road, mtaa unaosifika kwa vyakula. Tulikuwa wanne, Baba ana dawa za kumeza baada ya kula. Kaka, msomi wetu, akakataa vibanda vyote. Eti tumesafiri mbali kote huko tuje kula chapati? Akatuburuza hadi kwenye hoteli ya vioo. Tukasoma bei, tukatoka kimya. Baba akaketi ukingoni mwa barabara, akasema hana njaa. Alikuwa anaongopa, bwana!

Mama akamwendea mpishi wa kando ya njia.

"Mama, usitutie aibu," Kaka akanong'ona.

"Chapati," Mama akasema.

"Chapati!" mpishi akaitika, akaonyesha vidole: ngapi? Kumbe neno lenyewe si tulilipata kwao? Lilivuka bahari hadi jikoni kwetu, pamoja na biriani na achari. Baba akala, akameza dawa zake.

Sasa nani mshamba: aliyejua kukiomba chakula, au aliyekionea haya? Andikeni ng'ambo, sikatai. Lakini kabla ya maghorofa, mlisheni kwanza mhusika wenu, na mama yake pia.